Mwalimu Bilonda na Watoto wa Upande wa Dirisha

Kwenye bomba la maji la mtaa wetu, hapa Manika mjini Kolwezi, inasemwa kwamba Bilonda Kabemba anawafundisha watoto uchawi. Si kweli. Inasemwa kwamba alifukuzwa shuleni. Si kweli pia. Leo asubuhi nimemwona akienda kazini, na jioni atarudi na chaki kwenye nywele kama kawaida yake. Inasemwa tena kwamba familia yetu ilimpa inspekta wa shule mbuzi ili anyamaze. Katika familia ya Kabemba hakuna mtu aliyewahi kutoa mbuzi kwa sababu hiyo. Tulitoa kuku. Kuku huyo alipikwa na kuliwa mchana mbele ya kamati nzima ya wazazi, na inspekta aliambulia bawa tu, kwa sababu Direkta, mkuu wa shule, alitangulia kujipakulia.

Nimeona ni heri niandike mwenyewe, kabla watu wasiojua hata jina la darasa hawajamaliza kuisimulia habari hii. Mimi ni Agnès, mjane wa Kabemba. Nilisoma kwa masista, nikapata diploma ya Serikali wakati wasichana wengi wa rika langu walikuwa wakiulizwa wataolewa lini, na nilifanya kazi ya ukarani hadi nilipostaafu. Marehemu mume wangu aliniachia nyumba na jina. Nyumba inavuja kidogo. Jina halivuji.

Bilonda ni dada mdogo wa marehemu, yaani mulamu wangu. Alizaliwa Mutshatsha, mtoto wa mwisho wa mfanyakazi wa reli na mama muuza makaa. Nyumba yao ilikuwa karibu sana na reli, hivi kwamba treni ilipopita ilibidi kila mtu apaze sauti au angoje. Bilonda hakuwa mtoto wa kungoja. Sauti aliyoipata huko anayo hadi leo. Akisema "habari za asubuhi" barazani kwetu, majirani wa barabara ya pili huitikia.

Alikuja kukaa kwetu Kolwezi akiwa bado msichana mdogo, ili asome. Nilimfundisha kukunja shuka, kusalimia wakubwa, na kutokula akiwa amesimama. Mambo mawili ya kwanza aliyashika. Alipomaliza masomo ya ualimu alipelekwa Kasaji, mbali na hapa, akafundisha huko miaka kadhaa, akirudi likizo na mihogo, maharage na hadithi za baiskeli zilizomwangusha. Kisha akapata nafasi shule ya msingi iliyo karibu na nyumbani, na kwa kuwa alikuwa mgeni, alipewa darasa ambalo wengine wote walilikimbia, la kwanza.

Mtu ambaye hajaliona darasa la kwanza la siku hizi asiseme kitu. Tangu masomo ya msingi yafanywe bure, watoto wanaingia kama maji ya mvua. Bilonda alikuwa nao karibu tisini. Kuna mwenye miaka mitano aliyeletwa na nyanya yake aliyetaka kupumzika, na kuna mwenye miaka kumi na moja ambaye hadi mwaka jana alikuwa akiosha mawe ya shaba mtoni pamoja na mama yake. Mvua ikinyesha kwenye mabati hakuna anayesikika. Jua likiwaka, vumbi la malori ya madini linaingia dirishani na kukaa chini kama mwanafunzi mwingine.

Ndipo ukaja mpango wa kitaifa wa kusoma. Wazo lake ni jepesi na mimi naliunga mkono: mtoto aanze kusoma kwa lugha anayoijua, kwetu hapa Kiswahili, halafu Kifaransa kifuate. Walimu waliitwa kwenye semina ya siku chache katika ukumbi wa parokia. Walionyeshwa picha ya darasa la mfano lenye watoto wachache, wasafi, kila mmoja na dawati lake na kitabu chake.

Bilonda aliinua mkono, akiwafikiria tisini wake. "Na bale bengine, tutabaweka wapi?"

Mtoa semina alidhani ni mzaha, akacheka. Bilonda akacheka naye, kwa adabu, akarudi nyumbani na kitabu kinene cha mwalimu kinachoeleza kila dakika ya somo. Kwanza mwalimu anafanya, halafu mwalimu na watoto wanafanya pamoja, halafu watoto wanafanya wenyewe. Watoto waliyapenda maneno hayo kuliko mwalimu. Haukupita muda mrefu kabla ya mama mmoja kumwambia mtoto wake afagie uwanja, na mtoto kusimama na mikono mgongoni akijibu, "Kwanza mama afanye."

Madawati ya darasa lile yalitosha watoto wa mistari miwili. Bilonda akayatoa nje yote. Akaenda kwa vijana wachimbaji wanaolala nyuma ya shule, akawaomba magunia matupu, akayafua, akayatandika sakafuni. Watoto akawaketisha kwa miduara. Katikati ya kila mduara palikuwa na tofali, na juu ya tofali kitabu kimoja. Hakukuwa na vitabu zaidi. Kila mtoto alipewa mahali pake na akakatazwa kuhama, kwa sababu siku ya kwanza alipojaribu kuwabadilisha palitokea ugomvi wa kuumana kwa meno.

Walioupa mlango mgongo waliitwa watu wa mlango. Kitabu kilielekea kwao. Waliokaa ng'ambo, wakiwatazama, waliitwa watu wa dirisha. Wa pembeni wakawa watu wa ukuta. Majina hayo watoto waliyashika kwa fahari kama majina ya timu za mpira.

Kazi ikaenda. Ubaoni walisoma wote kwa pamoja, sauti tisini, na asiyejua alibebwa na wanaojua. Kwenye miduara Bilonda alizunguka, akipiga magoti hapa, akiinama pale, kila mtoto akimsomea kutoka mahali alipokaa. Akirudi nyumbani magoti yake yalikuwa meusi, na kabla hajavua viatu alikuwa ameanza kuniambia nani ameshika herufi gani.

Si wazazi wote waliofurahi. Mama Darlène, jirani yangu anayeuza vitumbua mbele ya shule, alikuja hadi langoni kwangu. Binti yake Shekina alikuwa mtu wa dirisha.

"Mama Agnès, samahani. Ule mulamu yenu anafundisha mutoto yangu nini?"

"Kusoma."

"Kusoma Kiswahili. Kiswahili nilimufundisha mi mwenyewe, bila chaki, akiwa ku mugongo. Sasa mi nafua uniforme, nachana nywele, nampatia kitumbua, ili aende kusikia luga ya ku jiko?"

Nilimweleza kwamba mtoto akijua kusoma lugha moja, ya pili haimtishi. Nilimweleza vizuri, kama ninavyoeleza mambo.

"Mutoto wa ule tajiri wa kona," akasema, "ile shule ya kulipa, anasema bonjour papa, bonjour maman, je m'appelle. Mutoto wangu anasema mama, mamba, mimba. Mamba iko wapi mu Kolwezi, Mama Agnès? Na mimba, yee iko na miaka saba."

"Ni kwa sababu ya herufi, Mama Darlène."

"Herufi. Haya. Siku moja ataniletea mamba mu nyumba, nitakuya kukuita."

Alikwenda zake. Nikafunga lango taratibu, kwa kuwa mtu wa elimu hapigi kelele langoni.

Karibu na Pasaka gari lilileta vitabu vipya, sawa na vile vya kwenye matofali, kimoja kwa kila mtoto. Direkta Omer, mkuu wa shule, alivipokea, akavihesabu, akavipanga kwenye kabati la ofisi yake na kulifunga kwa ufunguo. Bilonda alimfuata siku hiyohiyo.

"Direkta, bitabu bilifika?"

"Bilifika."

"Batoto banabingojea."

"Mwalimu Bilonda, bale batoto beko na mafuta ya bitumbua ku mikono. Inspekta atakuya kuona bitabu. Umupatie nini, bitabu ao bitumbua?"

"Nitamupatia batoto benye kusoma."

"Utamupatia batoto benye kusoma bitabu bipya. Wageni bakienda, batabishika hata na miguu."

Sitamcheka Omer kwa hilo. Sisi wa hapa ndivyo tulivyolelewa: kitu kizuri kinamngojea mgeni. Kabatini mwangu ziko sahani ambazo hata mimi sijazilia. Lakini sahani haijifunzi kitu kwa kukosa kutumiwa, na mtoto naye hajifunzi kwa kitabu kilichofungiwa. Bilonda alirudi kumwuliza mara nyingine, na nyingine, na kila mara Omer alimwonyesha ufunguo ili ajue uko salama.

Ilipotangazwa kwamba inspekta anakuja, Direkta alimwita Bilonda na kumwambia wazi. Darasa lake ndilo litakalokaguliwa kwa ajili ya mpango wa kusoma. Ripoti ikiwa nzuri, shule nzima itasifiwa. Ikiwa mbaya, darasa la kwanza atapewa mtu mwingine, na yeye ataandikiwa kurudi upande wa Kasaji.

Jioni ile alikula kidogo, jambo lililonitia wasiwasi kuliko maneno yake.

"Unaogopa Kasaji?" nilimwuliza.

"Kasaji minaijua, yaya. Iko na mihogo mizuri." Yaya ndivyo anavyoniita, yaani dada mkubwa. Alisukuma sahani. "Banaanza kushika, yaya. Sasa hivi njo banaanza. Mutu mwengine akiingia sasa, atabaanzisha tena ku a, e, i, na bale bakubwa batarudi ku mto kuosha mawe. Batasema shule ilitushinda."

Nikamwambia jina la Kabemba halijawahi kuanguka kwenye ukaguzi. Akasema ahsante, lakini niliona halikumsaidia sana.

Siku ya ukaguzi nilikuwapo, kwa kuwa mimi ni mjumbe wa kamati ya wazazi. Niliketi kwenye kiti karibu na ukuta, na kikwembe changu, kitenge cha sherehe, na mkoba magotini. Inspekta Kazadi aliingia akiwa na shati lililopigwa pasi hadi mistari yake ikawa kama ya daftari. Ni mtu mrefu, mkimya, ambaye watu walisema hajawahi kucheka akiwa kazini. Watoto walisimama wote na kumwamkia kwa wimbo. Hakucheka.

Direkta Omer aliingiza vitabu mwenyewe, akisaidiwa na walimu wawili, akavigawa kwa mikono yake. Watoto walivipokea kama mtu anavyopokea komunyo ya kwanza. Wakavinusa. Mmoja alikilamba chake, Direkta akafunga macho.

"Fungueni hadithi ya mbuzi na mvua," alisema Bilonda. Hadithi hiyo waliifanya wiki zilizopita, kila mtoto aliijua.

Walifungua. Halafu kila mmoja akakiweka kitabu chake kama alivyozoea kukiona. Watu wa mlango walikishika sawasawa. Watu wa ukuta walikilaza ubavu. Na watu wa dirisha, bila haraka na bila wasiwasi, wakakigeuza kichwa chini, kama mtu anavyogeuza shati lililovaliwa nje ndani. Wakaanza kusoma, vizuri, pamoja, kwa sauti ambayo mwalimu wao aliwarithisha.

Inspekta aliinua mkono. Darasa likanyamaza.

"Mwalimu," alisema polepole, "hawa watoto hawasomi. Wamekariri. Mtoto ameshika kitabu kichwa chini na maneno yanatoka sawasawa. Macho yake yanafanya kazi gani?"

Direkta alianza kuyachunguza mabati ya paa. Mimi niliwatazama watoto, kisha nikamtazama Bilonda. Alitazama vitabu, akatazama matofali yaliyokuwa bado katikati ya miduara. Akatazama tena vitabu. Kisha akaanza kucheka. Hakucheka kwa dharau, kilikuwa kicheko cha mtu aliyetafuta miwani nyumba nzima na kuikuta usoni. Alijaribu kukizuia kwa kiganja, kikamtoka puani.

"Kuna jambo la kuchekesha?" akauliza inspekta.

"Samahani, Tata Inspekta," akasema, kama tunavyomwita mtu wa kuheshimiwa kama baba. "Minacheka juu ya akili yangu mwenyewe. Hapana, hawakukariri. Nimebafundisha kitabu kimoja kwa mduara mzima. Bale ba dirisha, tangu mwezi wa tisa hawajaona kitabu upande mwengine. Kwabo kitabu njo iko vile. Na mi nilikuwa nazunguka, napiga magoti, naangalia midomo yabo, sikuona."

"Miaka yangu ya kazi nimesikia sababu nyingi, mwalimu. Nimesikia panya, nimesikia moto, nimesikia mbuzi aliyekula ubao. Hii ni mpya."

"Uliza mutoto, Tata. Chagua mwenyewe."

Inspekta alimchagua Shekina, labda kwa sababu ndiye aliyekuwa akimtazama bila kupepesa, meno mawili ya mbele yakiwa yameng'oka. Inspekta akaketi kwenye meza ya mwalimu, akaomba kibao na chaki. Alitaka kuandika sentensi ambayo haimo katika kitabu chochote. Shekina alisimama mbele ya meza, ng'ambo, kidevu kikifikia kwenye ubao wa meza.

Inspekta akaanza kuandika, akidhani mtoto anangoja. Shekina hakungoja.

"Pi-ki-pi-ki," alisema.

Chaki ikasita, kisha ikaendelea.

"Ya-ngu. I-me-la-la." Chaki ikasimama. Shekina naye akasimama, akatazama mkono wa inspekta. "Maliza, tata."

Akamaliza kwa jina la mji.

"Te-nke. Pikipiki yangu imelala Tenke." Shekina alifikiri kidogo. "Sasa ulikuya na nini?"

"Na taksi," alijibu inspekta, kabla hajakumbuka yeye ni nani.

Kisha, kama mtu mwenye adabu, akakigeuza kibao ili kimwelekee mtoto vizuri. "Haya. Sasa soma tena, sawasawa."

Shekina akatazama. Akainamisha kichwa bega la kulia, akakiinamisha bega la kushoto. Midomo ikaanza, ikakwama. Hatimaye akafanya jambo lililo rahisi: akaizunguka meza, akaja kusimama ubavuni mwa inspekta, bega kwa bega, akakitazama kibao kutoka huko. Pi-ki-pi-ki ya-ngu. Akasoma yote mpaka mwisho.

"Huku njo upande wa mi," alimweleza.

Nilimwona Inspekta Kazadi akiinama kutafuta kitu chini ya meza. Alikaa huko muda, mabega yakitikisika. Alipoinuka alisema ni kikohozi cha vumbi.

Baada ya hapo aliwaita wengine. Mtoto wa ukuta wa kulia alisoma kibao kikiwa kimelala, na kilipogeuziwa upande wa pili akalalamika kwamba maneno yanaanguka. Mvulana mmoja wa mlango, aliyejiona bingwa, alipewa kibao kichwa chini kwa mzaha akashindwa kabisa, na watu wa dirisha wakamsikitikia. Karibu wote walisoma, kila mmoja kwa upande wake. Inspekta alipoanza kuwapongeza, macho yake yaliangukia tarehe ya kuchapwa kwenye karatasi ya ndani ya kitabu kipya.

"Direkta, vitabu hivi vilifika lini?"

"Hivi karibuni, Tata Inspekta. Hivi karibuni tu."

"Pasaka," walisema watoto wote, kwa pamoja, kama walivyofundishwa kujibu.

Omer alinitazama mimi, kana kwamba kamati ya wazazi ingeweza kuisogeza Pasaka mbele. Nikafungua mkoba wangu nikatafuta leso.

Inspekta aliandika ripoti yake palepale kwenye meza ya mwalimu, akaitia sahihi, na mimi kama mjumbe wa kamati nikatia yangu, kabla hata moto wa kuku haujawashwa. Nalisisitiza hilo kwa ajili ya watu wa mbuzi. Iliandikwa kwamba watoto wanasoma. Kwamba mwalimu abaki na darasa lake na asaidiwe. Kwamba vitabu vitoke kabatini na visirudi. Na kwamba mwalimu ahakikishe kila mtoto anakiona kitabu kwa upande ulio wa kawaida. Bilonda alipoisikia ile sehemu ya kubaki na darasa aliketi chini kwenye gunia, katikati ya watu wa ukuta, na watoto wakamrukia. Nilimwambia ainuke, mgeni yupo. Hakuinuka.

Kuwageuza hakukuwa kazi ndogo. Bilonda alianzisha desturi ya kuhamisha mduara kila Jumatatu kuzunguka kile kitabu cha kwenye tofali, na safari hii alisimama katikati na fimbo ili wasiumane. Wiki za kwanza zilikuwa vurugu. Watu wa mlango walipofika dirishani walilia kwamba wameibiwa akili. Watu wa ukuta walipata maumivu ya shingo, na nyanya mmoja akaleta mafuta ya kuchua. Kila mmoja sasa alikuwa na kitabu chake pia, hivyo hakukuwa tena na sababu ya miduara, lakini watoto waliing'ang'ania. Walisema kusoma bila mduara ni kama kula peke yako.

Mambo haya yote yangeishia shuleni kama si simu ya Mama Darlène.

Yalitokea nyumbani kwake, mchana wa Jumapili, na ninayajua kwa sababu mume wake Elisée, dereva wa lori, aliyasimulia mwenyewe kwenye kituo cha malori huku akijipigapiga mapaja. Walikuwa mezani. Mama Darlène upande huu, na simu yake mbele yake. Shekina upande wa pili, na kitumbua. Elisée katikati, na ugali. Simu ikalia, ujumbe wa fundi wa kushona ukaingia, na Mama Darlène akaitazama tu, akaiacha mezani kwa sababu mikono yake ilikuwa na mchuzi. Hakuwa na sababu ya kuificha. Mume wake hana subira ya maandishi, na mtoto alikuwa ng'ambo ya meza.

"Da-rlène," alisoma Shekina, akitafuna, "ki-kwe-mbe ya-ko ya pi-li i-ko ta-ya-ri. U-si-a-mbi-e bwa-na."

Elisée aliacha ugali. "Ya pili?"

"Ule mutoto anakariri," alisema Mama Darlène. "Hata inspekta alisema."

"Anakariri simu?"

Hapo ndipo uchawi ulipozaliwa. Kesho yake bombani ikasikika kwamba Mwalimu Bilonda amewapa watoto macho ya pili, kwamba wanasoma kinyume, kwamba hakuna siri itakayokaa ndani ya nyumba. Hilo la mwisho ni kweli, lakini halihitaji uchawi. Mtoto alisoma. Ndicho alichopelekwa shuleni kufanya, na kwa lugha ileile ya jikoni ambayo mama yake aliidharau langoni kwangu.

Nilimpitia Mama Darlène pale anapouza, nikamwambia hivyo, kwa sauti ya chini.

"Mama Agnès," akasema, akigeuza vitumbua, "mi sikusema mubaya juu ya familia yenu. Nilisema tu, ule mutoto anaona sana."

"Umesema uchawi."

"Nilisema kama uchawi. Kama." Akanifungia vitumbua vitatu kwenye gazeti bila kuniuliza. "Na Bilonda, anaweza kunifundisha na mi? Kidogo tu. Nisome kabla ya yee kusoma."

Nikamwambia aende akamwulize mwenyewe. Alikwenda. Sasa kila jioni, mauzo yakipungua, anakaa kwenye gunia la watu wa dirisha na kitabu cha mtoto wake, akilalamika kuhusu mamba. Wakati huohuo Shekina anabaki kwenye meza ya vitumbua akiwasomea wateja magazeti ya kufungia, upande wowote watakaomshikia. Elisée amesema hana haja ya kununua gazeti, la kwenye vitumbua likisomwa na binti yake linamtosha.

Hiyo ndiyo habari kamili ya mulamu wangu. Si mchawi, hakufukuzwa, na mwaka ujao amepewa tena darasa la kwanza kwa sababu ameliomba, jambo ambalo walimu wenzake wanaliona kuwa ugonjwa.

Limebaki swali moja ambalo watu wanalizungusha siku hizi: kwa nini Inspekta Kazadi, ambaye mke wake alifariki miaka mingi iliyopita, anaonekana barazani kwetu Jumapili baada ya misa. Anafuatilia utekelezaji wa ripoti. Ripoti inasema mwalimu asaidiwe, na hakuna mahali iliposema asaidiwe siku za kazi tu. Kwamba ufuatiliaji huo huanza saa nane na kumalizika jua likizama, na kwamba hadi sasa hakuna aliyemsikia akitaja kitabu, hayo hayamhusu mtu wa bombani. Padri ameniuliza. Direkta Omer ameniuliza mara mbili. Mama Darlène amemtuma Shekina aje kukaa ng'ambo ya meza yetu, nami nikamrudisha kwao. Hao wote sikuwajibu, na wewe unayesoma hapa sikujibu pia.